Marehemu Amekaa Mlangoni

Sehemu ya tisa

"Saila!"

Hilo ndilo neno lililomtoka Koplo Jaskarna Limbu, na hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipotuishia wiki iliyopita, mkanitukana kwa wingi. Nimezisikia salamu zenu. Haya, turudi pale pale.

Barabazar, Kalkata, asubuhi ya jua kali. Mbele ya ghala la magunia bawabu amekaa kwenye kigoda, rungu limelala mapajani. Jaskarna, askari wa milimani katika jeshi la Wazungu, yuko likizo, ya pili tangu apelekwe kupigana na Wajapani kule Burma, na mkononi ana kifurushi cha bangili nyekundu alizomnunulia mke wake. Alikuwa anapita tu. Akamtazama bawabu usoni.

Na uso ule ulikuwa wa Aitaman Limbu, rafiki yake wa utotoni, aliyeitwa nyumbani Saila, yaani mwana wa tatu, ambaye mto Chindwin ulimchukua mbele ya macho yake mwaka juzi.

"Unamwita nani?" bawabu akauliza kwa Kihindi cha sokoni. Aliligeuza sikio la kulia tu, kama mtu ambaye la kushoto limekufa.

"Nakuita wewe."

"Mimi naitwa Bhakta. Pita, mwanajeshi, usizibe mlango wa watu."

"Aitaman."

"Nimesema Bhakta."

"Vua kiatu basi, nikuonyeshe kovu la shoka. Ulijikata tukichanja kuni za mjomba wako, nikakubeba mgongoni mpaka nyumbani huku unanitukana njia nzima. Vua!"

Bawabu hakuvua. Aliurudisha mguu ule chini ya kigoda, taratibu, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Jaskarna akasogea karibu. 

"Mwili haukupatikana," akasema, sasa kwa lugha ya nyumbani. "Tukazika shati lako. Kuhani aliiita roho yako kutwa nzima mpaka sauti ikamkauka."

"Basi nenda kaongee na shati."

"Saila!"

"Shusha sauti. Tajiri wangu yuko dirishani pale juu. Na futa macho, watu watadhani nimekupiga."

Kabla Jaskarna hajafuta macho, likaja balaa lenye miguu miwili. Lilikuwa limebeba chungu cha rosogola, vile vitamu vya maziwa, na shira inalichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Kaka Koplo! Unanikimbia kwa sababu ya vitamu viwili? Nimekuachia, ona!"

Huyu ni Tilbikram, kijana wa kikosi cha Jaskarna. Aliingia jeshini baada ya ule msiba wa mtoni, kwa hiyo Aitaman kwake alikuwa jina tu, tena jina la marehemu. Ni kijana mwema. Ila mdomo wake Mungu aliusahau wazi.

"He! Huyu si mtu wa kwetu huyu?" akamwinamia bawabu. "Pua hiyo ya kwetu! Unatoka wapi, kaka?"

"Milima ya mashariki," akasema Aitaman. "Mto Tamor."

"Tamor! Wote sisi wa Tamor! Kaka Koplo, mbona umekauka hivyo? Msalimie ndugu yako!"

"Tumeshasalimiana," akasema Jaskarna.

Aitaman akamwita muuza chai wa upande wa pili. Vikaja vikombe vya udongo, vya moto, na Tilbikram akachuchumaa pale pale barabarani kama yuko barazani kwao.

"Likizo hii, kaka, nitaisimulia mpaka nizeeke. Keshokutwa tunapanda meli kwenda Ranguni, kwa hiyo tunaula mji. Tumepanda tramu mpaka mwisho wa reli, tukashuka, tukapanda ileile kurudi. Kondakta akauliza, nyinyi mnakwenda wapi? Tukamwambia, hatuendi popote, endesha! Tumeona sinema, mwanamke anaimba huku farasi anakimbia, na hakosi hata pumzi. Na huyu Kaka Koplo! Analala mpaka jua linamkalia tumboni. Akiamka anacheka peke yake. Unajua kwa nini anacheka?"

"Tilbikram, kunywa chai."

"Nakunywa. Ameoa!"

"Tilbikram."

"Aibu ya nini sasa? Ameoa, kaka, sikukuu ya Dasain iliyopita, alipopewa likizo ya kwenda nyumbani. Na si msichana, ni mjane. Mjane wa rafiki yake aliyekufa vitani. Mstaafu mmoja wa kijijini mwenye nyati wengi alikuwa ameshapeleka posa, nasikia hata pombe ya ulezi imeshapikwa. Lakini mwanamke akasema hapana, nitakwenda kwa yule aliyekuja kulia na mimi. Anaitwa nani vile? Nandamaya!"

Msomaji, ningependa kukwambia kwamba Aitaman alipiga kelele. Hakupiga. Kikombe kilikuwa mdomoni, na kikabaki mdomoni, kama amesahau chai hunywewaje.

Kisha akameza.

"Heri yake," akasema.

"Heri kabisa! Kaka Koplo, mwonyeshe zile bangili. Toa bwana, mtu wa kwetu huyu, aone."

Jaskarna hakutoa. Tilbikram akamnyang'anya kifurushi, akakifungua, akamwekea bawabu bangili kiganjani. Aitaman akaivisha moja kwenye vidole vyake vitatu, akaizungusha, akaitazama dhidi ya jua.

"Kubwa hizi," akasema. "Zitamvuka akichota maji."

"Umejuaje wewe?"

Aitaman akaivua ile bangili vidoleni.

"Wanawake wa Tamor mikono yao midogo," akasema Aitaman.

"Midogo? Mchumba wangu mimi ana mkono wa kuchimba mahandaki!" Tilbikram akacheka mpaka shira ikamwagika. Halafu akaruka. "Mama yangu, sinema! Wanafunga milango. Kaka Koplo, huji?"

"Tangulia. Nitakufuata."

"Usichelewe. Nitakushikia kiti." Akamgeukia Aitaman, akaunganisha viganja. "Kaka bawabu, ukirudi Tamor ukamwona huyo Nandamaya, mwambie mume wake hajamtazama mwanamke mwingine hata mmoja hapa Kalkata. Mimi shahidi!"

Akaondoka mbio.

Wakabaki wawili.

"Nipige," akasema Jaskarna.

"Kwa nini?"

"Mtu mwingine angenipiga."

"Nina sikio moja na kazi ya kulinda magunia. Nikupige nipate nini?" Aitaman akamrudishia bangili, akazifunga vizuri kwenye karatasi yake kama muuza duka. "Alivaa nyeupe ya ujane?"

"Mwaka mzima. Bangili zako alizivunja kwa jiwe mbele ya watu wote, akajikata mkono, akakataa kufungwa kidonda."

"Na mama?"

Jaskarna akatazama chini.

"Sema."

"Alikufa wakati wa baridi. Hakuumwa, Saila. Alikuwa anakaa upande wa jua, basi. Akaacha kula."

Aitaman akakiweka kikombe chini. Watu hapa Kalkata wakimaliza chai huvunja kile kikombe cha udongo. Yeye alikiweka tu, kwa upole mkubwa.

"Ulikuwa wapi?" Jaskarna akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyeomboleza bure. "Ulikuwa wapi sisi tunalia?"

"Mto ulinitema mbali sana kule chini. Wenyeji wa milima ile wakanifunga majani, wakanilisha. Nilipoweza kusimama nikatembea mpaka Assam. Nikafika kituo cha reli, nikawakuta askari wa kwetu, wanapiga soga, wananuka bizari ya nyumbani. Nikataka kuita. Mdomo ukagoma."

"Ukagoma kwa nini?"

"Niliwaza, nikiita watafurahi, watanipa blanketi, watanipa chai, halafu watanipa bunduki. Nikakaa nyuma ya magunia mpaka treni yao ikaondoka. Hapo ndipo nilipokufa, Jaskarna. Si mtoni."

Gari la ng'ombe likapita katikati ya njia, mwenye gari akiwalaani wote wawili. Wakasogea tu.

"Ungeleta neno," akasema Jaskarna. "Neno moja tu. Nisingemgusa."

"Nimeleta."

"Nini?"

"Nimempelekea neno." Na sasa, kwa mara ya kwanza, uso wa Aitaman ukavunjika. "Kwa muda wote huu sikuthubutu, leo ndiyo nimethubutu. Kuna mtu mzima anaitwa Dhojbir, bawabu wa ghala la jirani. Kwao ni juu ya kijiji chetu. Ameaga asubuhi hii. Anapanda treni ya kaskazini alasiri, na atapita mlangoni kwa Nandamaya."

"Neno gani?"

"Kwamba niko hai. Kwamba mvua zikiisha ashuke Darjeeling, kwenye mashamba ya chai, hakuna atakayetujua huko. Na ili aamini, nimempa Dhojbir jina la mbuzi wa Nandamaya. Alikuja naye siku ya harusi, mbuzi akala kofia ya baba yangu. Jina lile tulimpa mimi na Nandamaya, tukicheka. Dunia nzima halijui mtu mwingine."

Jaskarna akafumba macho.

"Saila," akasema. "Ana mimba."

Aitaman akainuka. Akaliegemeza rungu lake mlangoni kama mtu anayekabidhi zamu.

"Twende stesheni ya Sialda."

"Wewe? Polisi wa jeshi wamejaa kituoni kama nzi. Huna cheti. Nieleze Dhojbir anafananaje, niende mwenyewe."

"Ana masharubu meupe na koti kuukuu, kama wazee wote wa milimani walio kwenye treni ile. Na ukimpata utamwambia nini? Kwamba mume wa pili amekuja kufuta neno la mume wa kwanza? Atakutemea mate usoni, na atafanya vizuri."

Dirisha la juu likafunguka. "Bhakta! Unakwenda wapi? Bhakta! Mlango nani analinda?"

Aitaman aliligeuzia dirisha sikio lake bovu, wakaondoka.

Tramu waliyopanda ilikwenda kidogo ikasimama. Mbele yake malori ya jeshi yalikuwa yamejipanga mpaka upeo wa macho, na hakuna kondakta anayelipigia kengele jeshi. Wakashuka. Wakapanda riksho. Mvutaji alikuwa mzee aliyekonda, anakohoa, na magurudumu yakazama kwenye umati wa wachukuzi. Wakashuka tena, Jaskarna akamsukumia mzee nauli, wakaanza kukimbia.

Walikimbia kama walivyokimbia utotoni wakishuka kwenye mashamba ya ngazi, Jaskarna mbele, Aitaman nyuma kwa sababu ya ule mguu. Mtu akiwaona angedhani ni marafiki wawili wanaowahi treni ya kwenda nyumbani.

Sialda ilikuwa inachemka. Familia zilizotupwa mjini na ile njaa kubwa ya vijijini zilikuwa bado zimetandika majamvi yao chini ya kuta, watoto wanaruka mizigo, wachukuzi wanapiga ukunga. Na kila mahali kofia nyekundu za polisi wa jeshi.

"Inamisha kichwa," akasema Jaskarna.

"Nikiinamisha nitamwonaje?"

Filimbi ya kwanza ikalia. Wakapita behewa hadi behewa, Aitaman akipigapiga mbao za madirisha, akiita. Vichwa vinachungulia, vinarudi. Behewa la karibu na mwisho, ndani, juu ya bunda la nguo na sufuria mpya ya shaba, masharubu meupe.

"Mjomba Dhojbir!"

"He, Bhakta! Umekuja kunisindikiza? Na mlango?"

"Mjomba, lile neno. Nirudishie."

"Neno gani?"

"La Nandamaya."

"Usiwe na wasiwasi, nimelishika. Tangu asubuhi nalisema na moyo wangu. Yuko hai, ashuke mvua zikiisha, na mbuzi anaitwa..."

"Usilitaje!"

Abiria wakageuka. Mzee Dhojbir akamwangalia vizuri. Halafu akamwangalia Jaskarna aliyesimama nyuma na sare yake na kifurushi chake, anahema.

"Asubuhi ulilia mbele yangu," mzee akasema polepole. "Ulinishika miguu ili nikubali. Sasa unasema nini?"

"Nasema usimwambie kitu."

"Hata kidogo?"

"Ukipita mlangoni akakupa maji, kunywa. Mwulize hali. Akikuuliza Kalkata ikoje, mwambie kuna tramu."

"Na mbuzi?"

Filimbi ya pili ikalia. Treni ikajivuta, vyuma vikagongana kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Mbuzi amekufa, mjomba."

Mzee akatoa mkono dirishani, akamshika Aitaman kichwani, kama tunavyowabariki watu wanaosafiri, ingawa msafiri alikuwa yeye. "Huyu ndiye?" akauliza, kidevu kikimwonyesha Jaskarna.

"Huyu ni rafiki yangu."

Aitaman alitembea sambamba na dirisha mpaka jukwaa lilipokwisha. Treni ikapinda, ikabaki reli tupu na moshi.

Jaskarna alimkuta amesimama pale ukingoni. Alitaka kusema asante, akaona neno lenyewe ni tusi. Alitaka kuomba msamaha, akaona hajui aombe wa nini. Alikuwa amempenda mwanamke aliyekuwa peke yake. Mwenzake alikuwa amechoka na vita. Angemlaumu nani? Mwisho akauliza tu.

"Utakwenda wapi?"

"Kwenye mlango wangu, kama bado ni wangu."

"Saila, nikifa huko Ranguni, uende kwake. Naapa, nakupa ruhusa, uende."

"Usithubutu kufa!" Aitaman akamshika ukosi wa shati, na ile ngumi ambayo hakuipiga asubuhi ilikuwa sasa imefika chini ya kidevu cha mwenzake. "Unanisikia? Atavunja bangili mara ya pili? Usithubutu! Nani atazika shati lako, mimi?"

Akamwachia. Akamnyoosha ukosi.

"Nenda kwenye sinema yako," akasema. "Umeshikiwa kiti."

Na ingeishia hapo. Nawaambieni kweli, wasomaji wangu, ingeishia hapo, ingekuwa huzuni ya kawaida, ya kubebeka. Jaskarna angeenda meli yake, Aitaman angeenda mlango wake.

"Kaka Koplooo!"

Tilbikram. Alikuwa anakuja kutoka lango kuu, ametokwa jasho, na hakuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kundi la askari wa likizo, wengine wamebeba viatu mkononi, wamezolewa kwenye masinema na mabwawa ya kuogelea. Nyuma yao, Wazungu wawili wa kofia nyekundu. Na katikati, mgongo wima kama mlingoti, alikuwa Subedar Ranadhoj, afisa wetu wa milimani, aliyewafundisha Jaskarna na Aitaman kushika bunduki.

"Likizo imefutwa, Kaka! Meli inaondoka leo, na malori ya bandarini yanapakia hapa hapa stesheni. Wamenitoa sinemani, mwanamke akiwa bado hajashuka kwenye farasi!" Kisha akamwona mtu aliye ubavuni mwa Jaskarna, na ule mdomo wake ukafunguka mpaka mwisho. "He, kaka bawabu! Na wewe uko hapa? Bwana Subedar, njoo uone, tumempata mtu wa kwetu! Wa Tamor huyu! Anajua hata mkono wa mke wa Kaka Koplo ulivyo!"

Subedar akageuza kichwa.

Aitaman akaanza kuondoka, si kwa kukimbia, kwa mwendo wa bawabu aliyemaliza shughuli. Kofia nyekundu mmoja akamwekea mkono kifuani.

"Cheti."

"Mimi bawabu, bwana. Barabazar."

"Vua kofia."

Akavua. Mzungu akamgeuza kichwa kama anavyogeuzwa kondoo mnadani. Nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imekunjamana na kuungua, mpaka shingoni.

"Kovu la bomu," akasema, na Subedar akatafsiri bila kuinua sauti. "Mlango gani huo unaolinda, unaolipuka?"

Aitaman akaikunja kofia mkononi.

"Juzi tumekamata wawili kama huyu. Walisema ni wapishi. Wametumwa na Wajapani kupeleleza meli. Wale hawatauona mwezi ujao." Akaonyesha shingoni kwake, halafu juu. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. "Kama hapa hakuna askari anayemjua, atakwenda kukaa nao."

Subedar Ranadhoj hakumtazama Aitaman. Alimtazama Jaskarna. Akamsogelea mpaka pua zikakaribiana, na akasema kwa lugha ya nyumbani, chini chini, kama baba anayemwuliza mwana jambo la aibu.

"Koplo. Mimi niliingia uani kwa mama wa mtu fulani. Nikamwambia, mwanao amekufa kishujaa. Akanishukuru. Akanipa yai la kuchemsha, ndilo alilokuwa nalo. Kwa hiyo leo macho yangu ni ya mzee, hayaoni vizuri. Ona wewe kwa niaba yangu. Mtu huyu ni nani?"

Sasa pimeni wenyewe.

Akisema simjui, Aitaman ni jasusi, na kamba iko tayari. Akisema jina lake, Aitaman ni mtoro, atafungwa mpaka nywele zimtoke, jina litasomwa mbele ya kikosi kizima, na mvua hazijaanza habari itakuwa imefika Tamor: mume wa Nandamaya yu hai, ndoa yake ya pili si ndoa, na mtoto aliye tumboni hana wa kumwita baba. Treni iliyobeba ukimya wa Aitaman ilikuwa bado haijatoka nje ya jiji, na tayari ukimya ule haukuwa na kazi.

Jaskarna akamtazama rafiki yake. Aitaman alikuwa amesimama na kofia mkononi. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, mara moja. Usiseme.

"Koplo!" akafoka Mzungu. "Unamjua au humjui?"

Jaskarna alifungua mdomo kusema simjui. Ninaamini hivyo, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Alikuwa amesimama mkao wa askari, visigino pamoja, macho mbele. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu na ya wazi, ya kutoa taarifa.

"Ni mume wa mke wangu, Bwana Subedar."

Subedar akafumba macho. Kofia ya Aitaman ikaanguka chini.

Tilbikram peke yake alicheka. Alidhani ni utani.